Nimerekodi lekcha zangu zote na wanafunzi hawaziangalii, nikiweka maswali ndani ya video itasaidia?

Swali: Habari mtaalamu. Nafundisha takwimu mwaka wa kwanza chuoni, darasa la wanafunzi karibu 200. Semista iliyopita nilirekodi lekcha zangu zote, kila moja dakika 50, nikaziweka kwenye mfumo wa chuo. Wanaozifungua ni wachache, na hata hao wakija darasani ni kama hawajaona kitu. Sasa mkuu wa idara anataka tuhamie kwenye video zenye maswali ndani, zile zinazosimama mwanafunzi ajibu ndo ziendelee. Hii kitu inasaidia kweli au tunaongezewa kazi tu? Maswali yawe mangapi, niwafungie wasiruke mbele, na je niwape maksi?

Jibu: Salama mwalimu wangu, na pole sana, kurekodi semista nzima peke yako sio kazi ndogo, najua unavyokaa usiku unarudia sentensi moja mara tatu kwa sababu mtu kapita nje na kelele zimeingia kwenye maiki. Nikujibu kwanza lile kubwa: ndio inasaidia, tena sana, ila inategemea umeweka yale maswali kwa nia gani. Walimu wengi wanayaweka kama mlinzi wa getini, yaani yapo pale kuhakikisha mwanafunzi hajalala. Ukiyaweka kwa nia hiyo watabonyeza chochote wapite, na utakuwa umejiongezea kazi kweli kama unavyohofia. Mimi nalichukulia swali kuwa ndo somo lenyewe, pale mwanafunzi anaposimama na kufikiri ndo anajifunza, na maelezo yako ya kabla ni kumfikisha pale na ya baada ni kumsaidia alipokosea. Ndo maana walimu ninaofanya nao kazi nawaambia maswali yaandikwe kwanza, kurekodi baadae.

Tuanze na hizo dakika 50 maana hapo kuna shida hata kabla hujaweka swali lolote. Mwaka 2014 Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walitoa utafiti wa kozi 4 za edX, ile tovuti ya kozi za mtandaoni, walichambua mara milioni 6.9 ambazo watu walifungua video, wakakuta muda wa kati ambao mtu anakaa kwenye video hauzidi dakika 6, haijalishi video yenyewe ina urefu gani. Sasa kuna watu wameichukua hiyo 6 wakaigeuza sheria, na mimi sikubaliani nao, wale walikuwa wanasoma kozi za mtandaoni kwa hiari yao na wanafunzi wako wana mtihani mbele yao kwa hiyo watavumilia zaidi kidogo. Ila kwenye utafiti huo huo kuna kitu ambacho hakitajwi sana na kinakuhusu wewe moja kwa moja: lekcha zilizorekodiwa darasani alafu zikakatwakatwa hazikuwashika watu kama video zilizopangwa tangu mwanzo kuwa fupi. Kwa hiyo kuchukua ile rekodi yako na kuigawa mara sita haitoshi. Kila kipande kinatakiwa kiwe na wazo moja, lenye mwanzo wake na mwisho wake, likiisha dakika ya 4 simama hapo, likihitaji 11 acha lifike 11.

Kuna utafiti mwingine nadhani utaufurahia kwa sababu ulitumia lekcha ya takwimu kabisa. Karl Szpunar, Novall Khan na Daniel Schacter, mwaka 2013, walichukua video ya dakika 21 wakaigawa vipande 4. Kundi moja lilipewa kamtihani kadogo baada ya kila kipande, wengine walingoja mwisho. Wakati video inaendelea waliwauliza watu, saa hizi akili yako iko hapa au imeenda kwingine? Kwenye makundi yasiyopewa maswali akili ilikuwa imeenda kwingine kwa karibu asilimia 41, kwa waliopewa maswali ni 19. Na hao waliopewa maswali waliandika notsi zaidi, walifanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa mwisho, na mtihani wenyewe haukuwatia hofu kama wenzao. Hakuna aliyewafungia kitu wala kuwatishia maksi. Mtu akijua kuna swali linakuja linalomhusu, anasikiliza tofauti.

Na hata tukiacha suala la usikivu, kitendo chenyewe cha kujaribu kukumbuka kinaimarisha kumbukumbu. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha hili mwaka 2006 kwa namna ambayo mimi huwa naieleza kwa wanafunzi siku ya kwanza: waliosoma andiko na kulirudia walifanya vizuri wakipimwa baada ya dakika 5, lakini wakipimwa baada ya wiki moja walioshinda ni wale waliosoma alafu wakajipima bila kuangalia. Ukilijua hilo unaelewa kwanini mwanafunzi wako anakwambia mwalimu mbona nimeangalia video yote na nimeelewa, na hakudanganyi, wakati ule alielewa kweli, ila hakuna kitu kilichomlazimisha akitoe kichwani mwenyewe, na siku ya darasa kimeshapotea.

Sasa maswali yenyewe. Hapa naomba tukae kidogo maana ndo penye kila kitu, na ndo pale video nyingi nilizoziona zinapoharibikia.

Tuseme unafundisha mkengeuko sanifu, ile namba inayoonyesha data imetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani. Mwalimu aliyechoka ataandika swali kama: mkengeuko sanifu unawakilishwa na alama gani? Au: kama nilivyosema, mkengeuko sanifu unapima nini? Haya ni maswali ya kupima kama sikio lilikuwepo, mwanafunzi anajibu bila kufikiri na hata akipata hujajua kama ameelewa. Jaribu hivi. Kabla hujataja fomula yoyote weka kwenye skrini seti mbili, 4, 5, 6 na 1, 5, 9. Wastani wa zote ni 5. Muulize, bila kupiga hesabu, ipi imetawanyika zaidi, na ukitaka kuipa namba hiyo tawanyiko ungeanzaje? Mwache aandike mstari mmoja. Wengi hawatapata njia kamili na hamna shida yoyote, Nate Kornell, Matthew Hays na Robert Bjork walionyesha mwaka 2009 kwamba kujaribu na kukosa kabla ya kuonyeshwa jibu kunamsaidia mtu akumbuke jibu lenyewe, mradi alipate baada ya pale. Alafu video iendelee, eleza umbali wa kila namba kutoka kwenye wastani, kwanini tunaupandisha kipeo cha pili, kwanini mwisho tunatafuta kipeuo cha pili chake, na uwaonyeshe kwamba ukitumia fomula ya sampuli ya kwanza inatoa 1 na ya pili inatoa 4. Hapo namba imetoka kwenye kitu walichokwisha kukihangaikia wenyewe.

Kisha swali la pili, na hili ndo nalipenda zaidi. Kila namba kwenye 4, 5, 6 tuiongezee 10, ziwe 14, 15, 16. Wastani na mkengeuko sanifu vinakuwaje? Majibu ya kuchagua: vyote vinaongezeka kwa 10, au wastani unaongezeka kwa 10 na mkengeuko haubadiliki, au wastani unabaki na mkengeuko unaongezeka, na la mwisho sina uhakika. Hilo la sina uhakika usiliache, maana bila hilo asiyejua atabahatisha na bahati yake itakuchafulia picha yako. Angalia na majibu ya kosa, sijayatunga ili yajaze nafasi, kila moja ni kosa ambalo mwanafunzi halisi analifanya. Kama unajiuliza utayatoa wapi, chukua karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, kaa nazo saa moja tu, kalamu nyekundu yako mwenyewe itakuonyesha makosa yanayojirudia, hayo ndo majibu yako ya kuchagua. Mwalimu uliyefundisha somo miaka kadhaa una hazina hapo ambayo hakuna programu itakayokupa.

Na kila jibu la kosa liwe na maneno yake. Nimechoka kuona video ambayo ukikosea inakwambia sio sahihi jaribu tena, basi. Huyo mwanafunzi atajaribu linalofuata mpaka lipite. Aliyechagua vyote vinaongezeka mwandikie kitu kama: umeona kila namba imepanda ukaona kila kitu kinapanda, sasa pima umbali kutoka 14 hadi 15, alafu kutoka 4 hadi 5, umebadilika? Rudi dakika 3:10 uangalie tena ule mstari wa namba. Programu nyingi zinaruhusu umrudishe moja kwa moja kwenye sekunde hiyo. Andika kama vile amekuja ofisini kwako amekaa mbele yako, maana kwenye darasa la watu 200 wengi hawatakuja kamwe, na hii sentensi yako ndo ofisi yao.

Alafu la mwisho kwenye kila video liwe swali la wazi, mstari mmoja tu: sehemu gani bado haijakaa sawa? Hili halina maksi wala jibu sahihi. Majibu 200 yanaonekana mengi ila mengi ni maneno matano sita, nusu saa inatosha kuyapitia kwa haraka, na utashangaa jinsi yanavyojirudia.

Idadi: kwenye video ya dakika 8 mimi naweka maswali mawili au matatu pamoja na hilo la wazi. Nimeshaona video ya dakika 12 yenye maswali 14, kila mwalimu anapovuta pumzi linaruka swali, mwanafunzi hapati hata nafasi ya kuliunganisha wazo. Kama unaona wazo moja linahitaji maswali sita basi pengine ni mawazo matatu yamebanwa pamoja. Na kitu kidogo cha kurekodi ambacho kitakuokoa: ukifika pale swali litakapokuja, nyamaza sekunde mbili kamili, sema sasa simama kidogo ujibu kwanza, nyamaza tena sekunde mbili. Bila huo ukimya swali litaangukia katikati ya neno na kila mara utakuwa unahangaika kulisogeza.

Kuhusu kuwafungia wasiruke mbele. Najua kwanini unataka, na mfumo mwingi una hicho kitufe, lakini nakushauri uache. Kuna chuo kimoja nilifanya nao kazi walifunga kila kitu, huruki, huharakishi, unakaa mpaka mwisho. Ripoti zilikuwa nzuri ajabu, karibu darasa zima limemaliza asilimia 100. Nikaomba wanafunzi watatu wanionyeshe wanavyoangalia. Mmoja akaweka simu juu ya meza kifudifudi, sauti amezima, akaendelea na kazi ya somo lingine, kila baada ya muda anaigeuza kuchungulia kama imesimama, imesimama, anabonyeza jibu la kwanza, limekataa, la pili, limepita, anaigeuza tena. Hakuwa mwanafunzi mbaya yule, alikuwa amebanwa na kazi nyingine na video imemwambia kinachotakiwa ni muda upite, basi akaupitisha. Kilichoniuma ni mwalimu wake, alikuwa anaiamini ile ripoti na alikuwa anawapongeza darasani kwa bidii yao.

Na ukiangalia tafiti, uhuru wa kurukaruka ni sehemu ya kinachosaidia. Mwaka 2006 Dongsong Zhang na wenzake walilinganisha video ambayo mwanafunzi anaweza kwenda kipande anachokitaka na video ya kawaida ya kwenda moja kwa moja, na darasa la kawaida, na somo la mtandaoni lisilo na video kabisa, na waliojifunza zaidi na kuridhika zaidi ni wale wenye video ya kurukia wanapotaka. Mwanafunzi anayerudi dakika ya 3 mara nne anajifunza. Anayeruka kitu anachokijua anatumia muda wake vizuri. Hata kuharakisha usikuogope sana, watafiti wa UCLA, chuo kikuu kimoja cha Marekani, walionyesha mwaka 2021 kwamba kuangalia lekcha kwa kasi ya mara mbili hakukuwaharibia watu kiasi kinachodhaniwa, kasi ikizidi hapo ndo mambo yanashuka. Funga kitu kimoja tu ukipenda: swali lenyewe lisirukike. Video wairuke, wairudishe, waiharakishe, ila pale penye swali wote wasimame.

Maksi toa, lakini ndogo, na za kujaribu, sio za kupata. Ukitoa sifuri wengi hawatafungua, maana wana masomo mengine yanayotoa maksi na watu wana akili zao. Ukitoa maksi za kupata jibu sahihi, jioni hiyo hiyo majibu yameshazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na wewe umepoteza kitu cha thamani kuliko maksi, umepoteza kujua wanakosea wapi. Mimi napendekeza kama 5 kati ya 100 kwa semista nzima, anayejibu kila swali kabla ya darasa anapata zote hata kama kakosea yote, na video mbili alizokosa usizihesabu, mtu anaumwa, intaneti inakatika, mambo ni mengi. Wakishajua kukosea hakuwagharimu wataanza kujibu wanachokiamini kweli, na hicho ndo unachokihitaji.

Kwa sababu sasa tunafika kwenye sehemu ambayo ukiiacha yote niliyosema hapo juu hayana maana. Asubuhi ya darasa, kabla hujaenda, fungua ripoti. Usiangalie nani kamaliza, nenda kwenye swali la pili uone majibu yamegawanyika vipi. Tuseme 110 wamechagua vyote vinaongezeka. Basi darasa lako la siku hiyo limeshajipanga lenyewe. Ingia, weka swali lile lile ubaoni, waambie 110 kati yenu mmechagua hili na nataka tuone kwanini linavutia hivyo, wape dakika tatu wabishane wawili wawili, alafu wape jipya ambalo halikuwepo kwenye video: badala ya kuongeza 10, kila namba tuizidishe mara 2, sasa je? Hapo mkengeuko unabadilika, unakuwa mara mbili, na ubishi utakaotokea pale ndo nilikuwa natamani uuone. Walimu wengi wananiambia siku ya kwanza wanafunzi walipoona majibu yao yametumika darasani ndo siku walipoanza kufungua video bila kusukumwa.

Na kitu kinachoua mpango huu haraka kuliko vyote ni huruma. Unaingia darasani unaona nyuso zimepotea, unagundua nusu hawajaangalia, unawahurumia unaanza kufundisha upya kila kilichokuwa kwenye video. Ukifanya hivyo mara mbili umewafundisha kwamba video haina haja, subiri mwalimu atarudia, na wale waliojituma usiku umewaambia wamejisumbua bure. Jizuie. Anza na swali, anayejua ataelewa mbele, asiyejua ataona pengo lake mwenyewe na kesho ataangalia. Ni ngumu, wiki mbili za kwanza zitakuuma.

Watalalamika pia, jiandae. Louis Deslauriers na wenzake pale Harvard walitoa utafiti mwaka 2019, wanafunzi wa fizikia waliofundishwa kwa kufanyishwa kazi walijiona wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza lekcha nzuri, wakati mtihani ulionyesha kinyume chake. Kuhangaika kunaonekana kama kutoelewa. Waeleze hili mapema, wiki ya kwanza, kwa maneno ya wazi, usisubiri fomu za tathmini zirudi na maneno makali. Na kuwa mkweli na muda wao: ukiongeza video za nusu saa kwa wiki bila kupunguza kitu kingine, wana haki ya kulalamika. Punguza saa za darasa au punguza zoezi la nyumbani.

Kwenye vifaa sitakaa sana maana sio penye tatizo lako. Kama mfumo wa chuo chenu ni Moodle, kuanzia toleo la 3.9 la mwaka 2020 shughuli ya H5P imo ndani yake, ni bure na ina aina ya video yenye maswali, sura za kurukia na kumrudisha mtu sehemu fulani. Edpuzzle nayo ni rahisi kuanza nayo. Mambo mawili ya H5P yanayowasumbua sana watu: mwisho wa video kuna skrini ya kutuma majibu, mwanafunzi asipobonyeza pale maksi zake haziendi, waambie mara tatu nne. Na majibu sahihi yanakaa ndani ya kivinjari cha mwanafunzi, mwenye ujuzi kidogo wa kompyuta anaweza kuyachungulia, kwa hiyo usiitumie kwa mtihani wa kweli. Kwa matumizi yetu haya haina tabu, hatutoi maksi za kupata.

Uzito wa faili ndo naomba uufikirie, maana mwanafunzi analipia bando. Video iliyobanwa kwenye kilobiti 500 kwa sekunde inakula kama MB 3.75 kwa dakika, kwa hiyo dakika 8 ni MB 30. Ukiiacha kwenye kilobiti 2000 hiyo hiyo inakuwa MB 120, na lekcha yako ya dakika 50 inafika MB 750. Slaidi na maandishi hayachezi sana kwenye skrini kwa hiyo zinabanika vizuri bila kuharibika, cha kulinda ni sauti, picha ikififia kidogo watavumilia, sauti ikikwaruza wanazima. Maandishi ya chini weka pia, yapo kwa ajili ya mwanafunzi asiyesikia vizuri na ya yule anayeangalia kwenye kelele, na yale yanayojitengeneza yenyewe uyapitie kwa macho yako kwa sababu maneno ya kitaalamu ndo yanayaharibu zaidi. Na unapoonyesha kitu kwenye grafu kitaje kwa jina, ukisema angalia hapa, au ule mstari mwekundu, kuna mtu haoni pale wala hatofautishi rangi ile.

Zile rekodi zako za dakika 50 usizifute. Ziwekee sura, hapa wastani, hapa tawanyiko, hapa mfano, wanaorudia kwa ajili ya mtihani watazitumia. Na kama mfumo wenu unaonyesha watu wanarudia dakika zipi, ziangalie kabla hujarekodi chochote kipya. Juho Kim na wenzake walichambua video 862 za edX mwaka 2014, wakaona vile vilima vya watu wengi kurudia sehemu moja vinaonyesha ama panapowavutia ama panapowachanganya, ila tahadhari, kwenye sampuli waliyoichunguza asilimia 61 ya vilima hivyo viliendana na picha kubadilika, mfano slaidi imeondolewa kabla mtu hajamaliza kuisoma. Kwa hiyo kilima kwenye dakika ya 23 kinaweza kuwa somo gumu au kinaweza kuwa wewe umewahi kubonyeza slaidi inayofuata. Iangalie mwenyewe utajua.

Mwambie mkuu wa idara unaanza na video moja, sio kozi nzima, na umwombe muda kwa sababu video ya kwanza ya dakika 8 itakula masaa manne au matano ukijumlisha maswali na maneno ya kila jibu la kosa, ya tano itakula mawili. Anza na hiyo ya mkengeuko sanifu, karatasi za mwaka jana ziwe pembeni yako. Ukipata ripoti ya kwanza angalia ni jibu lipi la kosa limechaguliwa na wengi, niandikie, tutafute pamoja swali la kufungulia darasa.